Jamhuri dhidi ya Kasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kesi ya kuigiza darasani kwa ushahidi wa kisayansi

Maswali haya yametoka kwa walimu wa sekondari za Tanga mjini, Muheza na Pangani, walezi wa klabu za sayansi, na wazazi waliosikia kwamba watoto wao "wanapelekwa mahakamani" wakaja juu. Tunayajibu kwa kutumia kesi moja ya kubuni tunayoiendesha klabuni, ili tusizungumzie mambo ya hewani. Ukitaka kutunga kesi yako, tunga, ila usiruke sehemu ya vielelezo. Hapo ndipo kesi nyingi za darasani huharibika.

Kesi ya kuigiza ina tofauti gani na mdahalo au mchezo wa jukwaani?

Kwenye mdahalo mwenye ulimi mwepesi hushinda. Kwenye mchezo wa jukwaani kila mtu anakariri mistari yake na mwisho unajulikana. Hapa hakuna anayejua mwisho. Shahidi anapewa maelezo yake ya ukurasa mmoja, anayasoma, anayashika, kisha anajibu maswali asiyoyajua mapema. Wakili naye, hata awe msemaji kiasi gani, akifika mahali pa kusema "Kasa ndiye aliyeingia ofisini" atatakiwa aonyeshe kitu: karatasi, unga, uzi, alama. Asipokuwa nacho, anakaa.

Kesi yenyewe inahusu nini?

Kombe la UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, limetoweka kwenye kabati la kioo ofisini kwa makamu mkuu wa shule, usiku wa kuamkia Jumamosi. Anayeshtakiwa kwa wizi ni Kasa, kijana wa kantini anayesaidia kuoka hafukeki. Wapelelezi wamekuta vitu vitano: alama ya kidole kwenye kioo cha kabati, unga mweupe kwenye rafu, nyuzi za mkonge zilizonasa kwenye fremu ya dirisha, alama ya kandambili kwenye mchanga chini ya dirisha hilo, na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu nyeusi: "Msilitafute."

Yupo pia Chewa, kiranja mkuu, aliyekabidhiwa ufunguo wa ofisi siku ya Ijumaa akaurudisha Jumamosi mchana. Chewa hashtakiwi. Anakuja kama shahidi wa upande wa mashtaka, na upande wa utetezi wana haki ya kujiuliza kwa nini.

Kwa nini majina ya viumbe vya baharini?

Kwa sababu jina la mshtakiwa huganda. Mwanafunzi akiigiza mwizi kwa jina la mtu halisi, au mbaya zaidi kwa jina lake mwenyewe, ataitwa mwizi mpaka siku ya mahafali. Akiitwa Kasa kwa siku mbili tatu hapungukiwi na kitu. Mpishi wetu anaitwa Bi. Pono, askari mpelelezi ni Koplo Kolekole, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kwa nini wizi wa kombe? Wanafunzi wanapenda kesi za mauaji.

Wanapenda, ndiyo, kwa sababu ya tamthilia. Lakini darasani kuna mtoto aliyefiwa kwa namna asiyotaka kuikumbuka, na wewe mwalimu huenda humjui. Makosa ya kujamiiana usiyaguse kabisa. Wizi unatosha: sheria yake imo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kesi yake inasikilizwa na hakimu, na hakuna anayeota ndoto mbaya.

Kasa tumempa umri wa mtu mzima makusudi. Angekuwa chini ya miaka 18 ingebidi apelekwe Mahakama ya Watoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na huko watazamaji hawaingii. Darasa zima lingekaa nje.

Darasa lina wanafunzi wengi. Kila mmoja atafanya nini?

Hakimu mmoja, au watatu wakisaidiana ikiwa unataka kazi nyingi zaidi. Karani anayeita kesi na kuandika mwenendo. Mawakili wa Serikali watatu na wa utetezi watatu, kila mmoja akiwa na shahidi wake wa kumwongoza au kumhoji, ili mmoja asihodhi kesi nzima. Halafu Koplo Kolekole, mtunza vielelezo, wataalamu wa maabara (mmoja kwa kila kielelezo, wanatosha wanne au watano), Bi. Pono, Chewa, makamu mkuu wa shule, mwenyekiti wa mtaa, na Kasa mwenyewe. Waliobaki ni wanahabari. Hao wanahabari msiwadharau: wape kazi ya kuandika habari ya mwenendo wa siku bila kumwita Kasa mwizi kabla ya hukumu. Utaona jinsi ilivyo ngumu.

Wafundishe na adabu ya mahali. Hakimu ni "Mheshimiwa". Wakili akimtaja mwenzake wa upande wa pili anasema "wakili msomi", hata kama jana waligombana uwanjani. Anayezungumza husimama, na mmoja akisimama mwingine hukaa.

Baraza la kuamua hatia, wale watu kumi na wawili, tuwaweke wapi?

Hamuwaweki. Hao ni wa mahakama za Marekani na wanafunzi wamewaona kwenye filamu. Tanzania hukumu hutolewa na hakimu au jaji. Wazee wa baraza walikaa na jaji wa Mahakama Kuu wakatoa maoni yao, lakini jaji hakufungwa nayo. Ukiwa na wanafunzi wengi wasio na kazi unaweza kuteua watatu wawe wazee wa baraza, kila mmoja aseme maoni yake na sababu, kisha hakimu aandike hukumu akieleza kwa nini amekubaliana nao au la. Kwetu hiyo hufanya kazi nzuri kuliko kura. Kura huwa ni ya urafiki.

Mashahidi waape kwa Msahafu na Biblia?

Hapana. Mtoto anayejua kwamba anayosema ni ya kubuni hapaswi kuapa kwa Mungu kwamba ni kweli, na mzazi wa Tanga akisikia mwanawe alitamka "Wallahi" kwa mchezo, kesho yuko ofisini kwako, na atakuwa na haki. Tumia uthibitisho usio wa kidini: "Nathibitisha kwamba nitasema kama yalivyo maelezo niliyopewa." Waeleze kwamba mahakamani shahidi huapa kwa imani yake au huthibitisha, na msonge mbele.

Tuendeshe kwa Kiingereza au Kiswahili?

Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Walimu wa sayansi husita kwa sababu kemia inafundishwa kwa Kiingereza, lakini hapo ndipo penye faida: mtaalamu wa maabara anayeshindwa kumweleza Bi. Pono alichokiona kwenye bakuli la siki hajakielewa. Maneno kama kromatografia (kutenganisha rangi za wino) yaacheni yalivyo, yaelezwe mara moja, basi.

Nani anatakiwa kuthibitisha, na kwa kiwango gani?

Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, pasipo kuacha shaka ya msingi. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa wa jinai kama mkosaji mpaka hatia yake ithibitike. Kasa hana mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuiba. Anaweza hata kunyamaza. Wanafunzi huliona hili kama upendeleo, na mjadala huo muuache uendelee dakika kumi hivi, maana wengi wao wameshaona kibaka akipigwa mtaani kabla hajaulizwa jina.

Alama za vidole tunazitengenezaje bila vifaa vya polisi?

Kioo safi, kidole chenye mafuta kidogo (aliyetoka kula muhogo wa kukaanga hahitaji maandalizi, ila mafuta yakizidi alama inavurugika), brashi laini ya kupakia poda usoni, na unga laini. Kwenye kioo angavu tumia vumbi la risasi ya penseli au mkaa uliotwangwa ukachekechwa kwa kitambaa chepesi. Kwenye kitu cheusi tumia poda ya mtoto. Dondosha unga kidogo, pitisha brashi kama hutaki, peperusha uliozidi, kisha bandika selotepu, ivute kwa mkupuo mmoja na uibandike kwenye karatasi nyeupe. Wakati wa masika mkaa hushika unyevu na kufanya mabonge, uanike kwanza. Na wafunike pua.

Kisha wafundishe kusoma. Kuna maumbo makuu matatu: kitanzi, mzunguko na upinde. Vitanzi ni kama asilimia 60 hadi 65 ya vidole vyote, mizunguko 30 hadi 35, na upinde takribani 5. Darasa lipime vidole vyake lenyewe na kuandika ubaoni. Baada ya hapo hakuna wakili atakayethubutu kusema "alama ni ya kitanzi na Kasa ana kitanzi, kwa hiyo ni yake", kwa sababu nusu ya darasa wana kitanzi na yeye mwenyewe yumo. Ulinganisho wa kweli uko kwenye vitu vidogo: mstari unapokatika, unapogawanyika panda, umbali kati ya panda moja na nyingine.

Kisha kuna swali jingine ambalo ndilo kubwa. Kwenye maelezo ya makamu mkuu wa shule, mstari wa mwisho kabisa, tumeandika kwamba Alhamisi Kasa aliagizwa kufuta vumbi kwenye kabati hilo. Alama ya kidole inasema nani aligusa kioo. Haisemi lini.

Alama za vidole si hazikosei?

Vidole vyenyewe havifanani, hata vya pacha waliotoka yai moja. Anayelinganisha ndiye anayekosea. Baada ya milipuko ya treni za Madrid mwezi Machi 2004, wataalamu wa FBI walilinganisha alama iliyokutwa kwenye mfuko wenye vilipuzi na ya wakili mmoja wa Oregon, Marekani, wakasema ni yake. Hata mtaalamu huru aliyeteuliwa na mahakama alikubaliana nao. Mtu alikaa kizuizini majuma mawili mpaka polisi wa Hispania walipotangaza kwamba alama ile ni ya raia wa Algeria. FBI ikaomba radhi. Wape upande wa utetezi habari hii siku mbili kabla ya kesi, waone wataifanyia nini. Upande wa mashtaka nao wajiandae kujibu kwamba kosa la Madrid si ushahidi wa kosa la Tanga.

Na unga mweupe?

Hiki ndicho kielelezo tunachokipenda kuliko vyote, na ni cha bei ndogo. Unahitaji siki, na iodini ya duka la dawa iliyozimuliwa kwa maji. Iodini ikigusa wanga hugeuka bluu nyeusi. Siki ikigusa magadi au bekingi pauda hutoa mapovu. Bekingi pauda nyingi zimechanganywa na wanga, kwa hiyo hutoa vyote viwili. Unga wa rafuni kwenye kesi yetu umetoa mapovu na umegeuka bluu nyeusi, na aproni ya Kasa imejaa bekingi pauda ya hafukeki. Mtaalamu akapanda kizimbani akajiamini. Kilichofuata, kama karani wa darasa moja alivyokiandika:

— Mtaalamu, ulipoweka siki uliona nini?
— Mapovu.
— Na iodini?
— Ilibadilika ikawa bluu nyeusi.
— Ukahitimisha ni bekingi pauda.
— Ndiyo.
— Chaki ya shule hii, ukiiwekea siki?
— Inatoa mapovu.
— Unga wa ngano ukiuwekea iodini?
— Bluu nyeusi.
— Ulipima mchanganyiko wa chaki na unga wa ngano?
— Hapana.
— Sina swali zaidi, Mheshimiwa.

Wakili huyo alikuwa binti wa kidato cha pili ambaye kwa kawaida hazungumzi. Alikuwa amekaa maabara Jumatano akipima kila kitu cheupe alichokiona, kuanzia chumvi mpaka chokaa ya ukutani. Tahadhari moja: si kila chaki hutoa mapovu. Ya kalisi kaboneti hutoa, ya jasi haitoi. Pima ya shuleni kwako kwanza, la sivyo swali hilo litamlipukia aliyeliuliza.

Mfundishe pia mtaalamu kuandika ripoti. Asiandike "unga huu ni bekingi pauda." Aandike "majibu yanaendana na bekingi pauda," kisha ataje vitu vingine ambavyo majibu hayo yangeendana navyo. Hakimu hafungwi na maoni ya mtaalamu. Anayasikiliza, anayapima pamoja na ushahidi mwingine, na anaweza kuyakataa akitoa sababu.

Nyuzi za mkonge zinathibitisha nini, hasa hapa kwetu?

Kidogo sana, na ndiyo maana zimo. Upimaji wenyewe ni rahisi. Uzi wa nailoni ukiuchoma huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Mkonge huungua kama karatasi na kuacha jivu. Usumba wa nazi nao huungua hivyo hivyo, kwa hiyo chukua lenzi: usumba ni wa kahawia na mfupi, mkonge ni mweupe wa maziwa na mrefu. Mtaalamu atasema, kwa haki kabisa, kwamba nyuzi za dirishani ni za mkonge na kamba ya Kasa ya kufungia tenga ni ya mkonge.

Lakini hapa ni Tanga. Tangu Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, na 62 tu ikafika ikiwa hai, mmea huu umetuzunguka kuanzia Pangani mpaka Korogwe. Kamba ni za mkonge, brashi ni za mkonge, zulia la mlangoni ni la mkonge. Na kwenye picha ya ofisi, ambayo tumeiweka kwenye jalada bila kusema lolote, zulia hilo linaonekana. Uzi uleule ukikutwa kwenye dirisha la mtu wa Reykjavik ungekuwa na uzito. Dirishani Chumbageni, hapa Tanga mjini, hauna. Mwanafunzi akilishika hili ameshika kitu ambacho hata watu wazima wengi hawana: kufanana ni hatua ya kwanza tu, unatakiwa pia kuuliza ni wangapi wengine wanafanana.

Kikaratasi na kalamu nyeusi?

Kata kipande chembamba cha karatasi ya kuchujia, chora mstari wa penseli sentimeta mbili kutoka chini, weka nukta ya wino juu ya mstari, kisha kining'inize kwenye glasi yenye maji yasiyofika kwenye nukta. Ndani ya robo saa weusi unajitenga: bluu hukimbia juu, pinki hufuata, njano hubaki nyuma, kutegemea kalamu. Gawanya umbali wa kila rangi kwa umbali wa maji, upate namba ya kulinganisha. Kwa peni ya kawaida au maka isiyofutika maji hayafui dafu, tumia spiriti. Huna karatasi ya kuchujia? Chaki nzima iliyosimamishwa kwenye kisahani inafanya kazi hiyo hiyo.

Kumbuka mambo mawili. Ukikata kipande cha kikaratasi kwa ajili ya kipimo umeharibu sehemu ya kielelezo, kwa hiyo kipige picha kwanza. Na spiriti isikae meza moja na kiberiti cha kuchomea nyuzi.

Alama ya kandambili?

Mimina plasta ya jasi, ileile ya dari za jipsam: sehemu mbili za unga kwa moja ya maji, iwe kama uji mzito. Acha nusu saa au zaidi. Usimruhusu mtu yeyote kuingiza mkono ndani ya plasta inayoganda. Joto lake hufika nyuzijoto 60 za Selsiasi na mkono hautoki. Saruji si mbadala, huunguza ngozi na huchelewa.

Saizi ya kandambili haithibitishi kitu, wavaaji wa namba nane wako tele. Urefu wa unyayo ni karibu asilimia 15 ya kimo, kwa hiyo unaweza kukadiria kimo na usipate zaidi ya hapo. Kinachohesabika ni mpasuko wa kisigino, msumari uliochomeka, upande uliolika. Weka mmoja wa namna hiyo, au usiweke, kulingana na unavyotaka kesi iwe ngumu.

Tuweke na DNA, yaani vinasaba?

Si lazima. Kwenye kesi ya kombe ni kutumia mtumbwi kuvukia dimbwi. Ukitaka, chora mistari ya vinasaba kwenye karatasi kama milia, wanafunzi walinganishe. Damu ya kweli marufuku, hata ya kuku, hata tone. Kuwatolea vinasaba vya ndizi kwa chumvi, sabuni ya vyombo na spiriti baridi ni somo zuri, lakini ni somo tu.

Cha kuwaambia ni historia. Alec Jeffreys aligundua njia ya kutambua watu kwa vinasaba pale Leicester, Uingereza, mwaka 1984, na kesi ya mauaji iliyofuata ilianza kwa kumwokoa kijana aliyekuwa amekiri, kabla ya kumpata muuaji. Hapa kwetu vipimo hivyo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kuna sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu.

Halafu wape ya Ujerumani. Polisi walimtafuta kwa miaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilikutwa kwenye matukio kama 40, likiwemo la mauaji ya askari huko Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika hayupo. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli.

Mlolongo wa vielelezo ni nini, na je, watoto wanauelewa?

Wanauelewa haraka wakiona unavyokatika. Kila kielelezo kiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa, na karatasi inayoonyesha nani alikichukua, wapi, saa ngapi, akamkabidhi nani, kikahifadhiwa wapi. Wakati wa upekuzi pawepo shahidi huru, ndiyo sababu ya mwenyekiti wa mtaa, naye asaini hati ya kukamatia mali. Mahakama ya Rufani imeshaachia watu huru kwa sababu makabidhiano hayakueleweka.

Sisi tunaacha pengo moja makusudi. Aproni ya Kasa ilichukuliwa Jumamosi asubuhi, ikasainiwa maabara Jumatatu. Jumapili ilikuwa wapi? Koplo Kolekole atasema ilikuwa kabatini kwake. Na unga wa rafuni? Kabatini humo humo.

Wakili anatoaje kielelezo mahakamani?

Hatua tatu, kwa mpangilio. Kwanza shahidi aeleze anakijuaje kabla hajakiona: alama gani aliweka, bahasha ya rangi gani. Pili aombe kipokelewe, upande wa pili waulizwe kama wana pingamizi, hakimu aamue na kukipa namba. Tatu, kama ni maandishi, kisomwe kwa sauti. Kuna hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 2003 inayonukuliwa mpaka leo kuhusu hilo la tatu, na nyaraka isiyosomwa inaweza kufutwa kwenye kumbukumbu. Mwanafunzi wetu mmoja aliisahau ripoti yake ya alama za vidole mezani bila kuisoma, na wakili wa utetezi akangoja mpaka kwenye majumuisho, yaani hoja za mwisho, ndipo akasimama. Ukumbi ulilipuka.

Maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, yanafundishwaje?

Swali fupi, jambo moja, na jibu unalijua. Usimuulize shahidi wa upande wa pili "kwa nini". Ukishamaliza, kaa. Tatizo la wengi ni swali moja la ziada. Angalia tena binti wa chaki: alinyamaza palepale. Angeongeza "kwa hiyo huna uhakika, siyo?" mtaalamu angepata nafasi ya kujitetea. Maswali ya masawazo ni ya wakili aliyemwita shahidi huyo, kufafanua tu yaliyoibuka kwenye dodoso.

Inachukua muda gani?

Tanga husemwa ni waja leo waondoka leo, lakini kesi hii siyo hivyo. Tenga wiki tatu za vipindi vya klabu: ya kwanza maabara, ya pili kuandaa mashahidi na hoja, ya tatu kesi. Siku ya kesi saa mbili na nusu hazitoshi bila mwalimu wa kubana muda.

Tunaweza kumwalika hakimu au wakili wa kweli?

Mnaweza. Andikeni barua mapema kupitia mkuu wa shule. Kipindi kizuri ni Wiki ya Sheria, mwishoni mwa Januari kuelekea mwanzoni mwa Februari, mahakama zinapotoa elimu kwa umma. Mwombeni aje siku ya maandalizi badala ya siku ya kesi. Akiwepo siku ya kesi watoto wataogopa na yeye atakosa uvumilivu.

Alama za vidole vya wanafunzi tuzihifadhi?

Zichaneni au zichomeni mbele yao siku hiyo hiyo. Ni taarifa binafsi, na tangu mwaka 2022 tuna sheria ya kuzilinda. Asiyetaka kutoa kidole asilazimishwe.

Mwanangu anafundishwa jinsi ya kuiba bila kuacha alama?

Mzazi, anafundishwa jinsi alama zinavyobaki hata mtu asipotaka. Njoo siku ya kesi, ukae na wasikilizaji.

Tunatoaje maksi?

Nusu kwa kazi ya maabara na ripoti, nusu kwa mahakamani. Kushinda kesi hakuna maksi. Ukiweka maksi ya ushindi, mashahidi wataanza kusema uongo, na utakuwa umewafundisha hilo.

Mwishoni, nani hasa aliiba kombe?

Wataliuliza kabla hujafunga daftari. Jalada letu halina jibu. Hatukuliandika, na hatukukubaliana sisi wenyewe tulipokuwa tukitunga. Mahakimu wa kidato cha tatu wamewahi kumtia Kasa hatiani kwa hoja za maana, na wa darasa jingine wakamwachia kwa hoja bora zaidi kidogo. Chewa anashukiwa na kila mtu, lakini Chewa hakushtakiwa. Mwanafunzi akikasirika, mwambie aandike hukumu yake kurasa mbili, ataje kila kielelezo na uzito alioupa. Wanaokasirika ndio huandika nzuri.